Fundichuma na Kivuli cha Mama

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani na kuifikisha nyumbani imelambwa, nyumba yetu ya Mollo, nje kidogo ya Sumbawanga, ilikuwa na bwawa nyuma yake. Baba alikuwa amechimba udongo wa matofali ya kujengea, nyumba ikaisha, shimo likabaki. Chini kulikuwa na chemchemi ambayo hakuna aliyeijua, maji yakapanda polepole, na tangu hapo hayakukauka hata kiangazi, wakati upepo wa Ufipa unapokausha mpaka midomo ya watu. Hatukuliita bwawa. Tuliliita Shimo, na mtu akitafutwa haonekani, jibu lilikuwa lile lile, yuko Shimoni.

Mama alipanda mboga upande mmoja wa Shimo, matete yakajiotea upande wa pili, na ndege wakahamia bila kuuliza bei ya kiwanja. Yangeyange weupe walikuja na ng'ombe wa jirani. Kwarara walipiga kelele alfajiri mpaka Baba akasema haoni faida ya kufuga jogoo. Bata maji waliangua vifaranga ndani ya matete, na mdiria mdogo wa bluu alikaa kwenye kamba yetu ya kuanikia nguo akivizia visamaki ambavyo sijui nani alivileta. Tuliishi nao hivyo hivyo. Ukiosha vyombo kuna anayekutazama, ukimwaga ukoko kuna anayeusubiri.

Ila mwenye mji alikuwa fundichuma. Kwa asiyemjua, ni ndege wa kahawia, rangi ya udongo uliolowa, hana urembo wowote, na kisogoni ana kishungi kinachorudi nyuma, basi kichwa chote kinafanana na nyundo. Yeye na mwenzake walikuwa wamejenga kwenye mkuyu ulioinamia maji. Kiota chao kilikuwa kikubwa kuliko banda letu la kuku, cha vijiti na tope, na juu yake walikipamba kwa takataka zetu: kipande cha kitenge, mfupa, na soksi yangu ya shule ambayo nilichapwa kwa kuipoteza. Mchana kutwa alisimama kwenye maji ya kina kifupi, ametulia, anaangalia chini.

Bibi, mama yake Baba, aliyekaa kwenye nyumba ndogo ndani ya ua huo huo, ndiye aliyetufundisha kumwogopa. Kwanza, kiota chake hakiguswi. Atakayekivunja, radi itamfuata mpaka uvunguni. Pili, na hili alilisema kwa sauti ya chini, fundichuma akisimama kutazama maji hatafuti vyura. Anatazama sura za watu. Mtu akisogea ukingoni, kivuli chake kikaangukia majini, na ndege yule akakikanyaga, basi mtu huyo anaitwa. Hatukuuliza anaitwa na nani. Kila mwezi wa kumi na moja tulikwenda kufagia makaburi ya kwetu, na tulijua walioitwa wako wapi.

"Mkienda kuchota, mtupieni kwanza bonge la udongo," alituambia. "Aruke, ndiyo mwiname."

Nami nilitupa. Mpaka leo nikisema ugenini kwamba natoka Sumbawanga, watu husogeza viti vyao kidogo, wanacheka, wananiuliza habari za uchawi wa radi. Nacheka nao. Siwaambii kwamba asubuhi zote za utoto wangu nilitupa mabonge ya udongo majini huku rozari ikiwa shingoni.

Kaka yangu Gaudensi hakutupa kitu. Alinizidi umri kwa mbali, kijana wa kuvaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu, na alikuwa na studio ya picha kule Chanji mjini, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Nusu ya mji ilikuwa imepigwa picha za ubatizo mbele ya maporomoko yale. Siku zile kamera zilikuwa za mkanda. Mkanda ukiwa haujaisha huutoi, na mikanda ya rangi ilikuwa inapelekwa Mbeya kwa basi kusafishwa. Sasa watu wanangoja picha zao za harusi, na mkanda umebakiwa na nafasi chache ambazo hazina mteja. Wapiga picha wengine walizimaliza kwa kupiga ukuta au watoto wa mtaani. Kaka alipanda baiskeli akaja nyumbani, akazimalizia kwa ndege wetu.

Nilizipenda siku hizo kuliko sikukuu. Alilala kifudifudi ndani ya matete, mimi nyuma yake nimekatazwa hata kupiga chafya, na muda ulipita mpaka miguu inakufa ganzi. Nikinong'ona kwamba apige tu tuondoke, alitikisa kichwa.

"Ndege siyo bibi harusi," aliniambia. "Huwezi kumwambia ainue kidevu. Unamsubiri atulie mwenyewe."

Mikanda iliyoharibika aliitupa nyumbani, na fundichuma aliiokota akaining'iniza kwenye kiota, ikawa inametameta juani. Bibi akiiona alisonya. "Ameshachukua vyenu huyo," alisema, na Kaka alimcheka, akamwambia ndege wake anataka kufungua studio.

Kitu kimoja Kaka hakukipata ni picha ya Mama. Ile ya harusi yake ilikuwepo, wameganda yeye na Baba mbele ya kanisa na macho yamewatoka. Baada ya hapo, hakuna. Alikuwa na mtoto mpiga picha, na kila akiombwa alisema atapigwa Pasaka akishashona gauni. Pasaka ikifika, gauni lililoshonwa lilikuwa langu. Mama alikuwa mtu wa kucheka haraka na kuficha haraka, na mambo yake mwenyewe aliyaweka mwisho kabisa. Mwaka ule ninaousimulia, alianza kukaa sana Shimoni. Alikwenda mchana, watu wakiwa wamejinyoosha baada ya kula, na ndoo moja ya kumwagilia mboga ilimchukua muda wa ndoo tano. Sisi tulisema Mama anapenda mboga zake.

Picha ilikuja wakati wa kuvuna ulezi, mwezi wa sita, baridi ya kwetu ikiwa imefika mahali pake. Tulikuwa jikoni sote, tumezunguka moto. Kaka aliingia na bahasha iliyotoka kwenye basi, hakukaa hata kwenye kigoda, akachomoa moja katikati ya zile za harusi za watu.

"Hii," alisema, "hii naiweka mlangoni pa studio. Mtu apite aone kazi."

Ilikuwa picha ya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Fundichuma alikuwa amesimama majini, mguu mmoja ameuinua nusu, na manyoya ya kishungi ungeweza kuyahesabu. Ukingo wa Shimo ulikatiza juu kabisa ya picha, na hapo zilionekana ndala mbili na pindo la kanga. Chini ya ndala, ndani ya maji, alikuwa Mama mzima mzima, kichwa chini miguu juu, kama maji yanavyomwonyesha mtu. Ndege alikuwa amesimama kifuani kwake.

"Kumbe nilikuwepo?" Mama aliuliza.

"Hata mimi sikukuona," Kaka alisema. "Mimi nilikuwa na ndege."

Picha ikazunguka mpaka kwa Bibi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa moto, akaitazama. Alikuwa ameishika kichwa chini. Ndege alining'inia juu kama popo, na Bibi anatazama tu, amekunja uso. Baba ndiye aliyeanza kucheka.

"Mama, umeigeuza!"

Kaka akacheka, nami nikacheka mpaka chai ikanipalia. Bibi hakuwahi kusoma, na kalenda ya parokia tulishawahi kumkuta akiifurahia vivyo hivyo, miguu ya watakatifu ikiwa juu. Bibi aliitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama picha ya ndege. Mara Mama akainuka kwenye kigoda chake, akasema, "Mama, siyo hivyo," akaishika picha mkononi mwa Bibi akaizungusha mwenyewe ikakaa sawa. Alifanya haraka. Bibi hakuitazama tena. Alimtazama Mama, na Mama akatazama sufuria.

"Amemkanyaga kivuli," Bibi alisema. "Mama Gaude asiende tena Shimoni."

"Bibi jamani, ni picha ya ndege," Kaka alisema.

"Nimeshasema."

Kesho yake Bibi alichota maji ya mboga mwenyewe. Na keshokutwa. Akaenda shambani na jembe la Mama, akainua matuta ambayo siyo ya umri wake. Kwetu mke wa mwana ndiye anayemtumikia mama mkwe, wala si kinyume chake, na majirani walianza kusema kwamba nyumba yetu imepinduka. Siku moja, mbele ya watu waliokuwa wanatoka misa ya jioni, alimkuta Mama ana ndoo kichwani. Aliishusha akajitwisha yeye, akatangulia, na Mama akamfuata nyuma mikono mitupu, uso umeinama kwa aibu. Nilimwonea huruma Mama siku ile. Nilimwona Bibi ametiwa wazimu na ndege.

Siku nyingine nilikuwa napukuchua mahindi nje ya dirisha nikamsikia akimwambia Baba, "Mpeleke Mama Gaude mjini, hospitali."

"Ana nini?"

"Si nilikuambia? Anaitwa."

Baba alikuwa mtu mpole, na hata akikataa alikataa kwa kicheko. "Mama yangu, nikifika kule nimwambie daktari nini? Kwamba mke wangu kakanyagwa na ndege?"

Nilimsikia Bibi akiinuka, magoti yakalia, akatoka nje akapita mbele yangu akaenda kuchukua jembe.

Mwezi wa kumi Mama alianguka akiwa anafagia. Hapo Baba hakucheka. Walimpeleka hospitali ya mjini, kutoka hapo wakaambiwa waende Mbeya, na Mbeya wakaambiwa ni uvimbe, uko tumboni muda mrefu, na hauna tena pa kushikwa. Wakamrudisha nyumbani. Alilala chumba cha mbele ambako dirisha lilitazama Shimo. Nilikuwa nakaa miguuni pake nikiikanda, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na sijawahi kupewa kazi nyingine niliyoifanya kwa bidii kama ile. Mvua za kwanza zilipoanza kugonga bati, alifumbua macho akauliza kama mboga zimemwagiliwa.

"Zimemwagiliwa, mwanangu," Bibi alimwambia. Hakuwahi kumwita hivyo. Mama alifariki kabla mvua ile haijakatika.

Siwezi kuandika sana juu ya mazishi. Ninachokikumbuka ni baba mdogo, amekaa kwenye benchi la waombolezaji na bakuli la togwa mkononi, akisema kwa sauti ambayo hata walio jikoni waliisikia: "Na aliyempiga picha na lile dege ni mwanawe wa kumzaa." Hakuna aliyemnyamazisha. Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu asiyeamini hayo mambo, anayevaa miwani ya jua kwenye mawingu, na nikaona maneno yakiingia ndani yake na kukaa.

Siku ya pili baada ya kuzika alichukua mti mrefu wa kuezekea akaenda kwenye mkuyu. Alikipiga kiota kile mpaka kikaanza kumeguka. Tope likaanguka, vijiti, mifupa, mikanda yake mwenyewe ya picha, na soksi yangu. Fundichuma wote wawili walizunguka juu wakilia. Watu walikimbia wakasimama mbali kwa kuogopa radi, na wakamwita Bibi aje amkataze mjukuu wake. Bibi alikuja akasimama chini ya mti. Nilidhani atapiga yowe.

"Vunja," alimwambia. "Ukimaliza uje ule. Hujala tangu juzi."

Msimu mzima tuliisubiri radi. Kila wingu lililopanda kutoka bonde la Rukwa tulizima redio, tukafunika vioo, tukakaa katikati ya chumba tumejikunyata. Radi ilipiga mti wa jirani, ikapiga mbuzi wa watu, lakini kwetu haikuja. Naona hilo lilimwumiza Kaka zaidi. Ingempiga, angalau angelipa akamaliza. Fundichuma walianza kujenga upya kabla hata ya mahindi kutoa ndevu, mahali pale pale, wanabeba kijiti kimoja kimoja mbele ya macho yake, na asubuhi moja alifunga studio, akaiuza kamera, akashuka kwenda Kirando kwenye Ziwa Tanganyika kufanya biashara ya dagaa. Aliniacha na Baba na Bibi. Hakuwahi tena kushika kamera. Alipooa, picha za harusi yake zilipigwa na watu wengine, na katika zote amegeuza uso kidogo.

Ile picha ndugu walitaka ichomwe. Tulitegemea Bibi ndiye atakayeitia motoni, yeye aliyetuambia yote. Lakini aliichukua akaiweka kwenye sanduku lake chini ya vitenge, akasema ole wake atakayeigusa. Tukajua anaiogopa. Alipokuwa anakaribia kufa, miaka mingi baadaye, alinipa mimi. Hakunieleza kitu, aliniambia tu niitunze, na kwamba nisiitundike jikoni kwa sababu ya moshi.

Baba naye amekwenda. Mimi nimerudi kuishi Mollo, nafundisha shule ya msingi, na Shimo bado lipo. Nina simu yenye kamera ambayo Kaka wa enzi zile angeuza baiskeli aipate. Jioni nakaa pale pale kwenye matete, napiga ndege. Wapangaji wangu wananicheka, watoto wa mtaani wananiita Mama Ndege, na wanafunzi wangu wanajua kwamba mdiria akitokea nikiwa nasahihisha madaftari nyumbani, madaftari yatasubiri. Picha nzuri naziweka kwenye status. Kila siku, miongoni mwa waliozitazama, kuna jina la Kaka Gaudensi. Hajawahi kuniandikia neno juu yake. Anatuma ujumbe wa sauti kuhusu bei ya dagaa, kuhusu magoti yake, kuhusu watoto. Lakini anazitazama zote.

Mwaka huu niliona ile picha inaanza kuota madoa kwa unyevu. Nikaamua niipige kwa simu angalau ibaki nakala. Niliiweka mezani, na ili kivuli changu kisiangukie juu yake nikazunguka nikasimama upande wa pili wa meza, uso ukielekea dirishani. Nikapiga. Nilipoifungua kwenye simu, ilikuwa imekaa kichwa chini, kwa sababu ya upande niliosimama. Nikataka kuigeuza, kisha vidole vyangu vikasimama.

Mama alikuwa amesimama wima.

Miaka yote nilikuwa nimemwona kichwa chini, doa la kanga chini ya ndege. Sasa ndege ndiye aliyening'inia, na Mama yangu alikuwa mbele yangu amesimama kama mtu. Nikavuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekandamiza ubavu, umezama ndani ya kanga mpaka vifundo vya vidole vimetokeza. Mgongo ulikuwa umepinda kidogo. Ndoo iko chini, tupu. Macho ameyafumba, na mdomoni ana pindo la kanga aliyojitanda, ameliuma kwa meno kama mwanamke anayejizuia asisikike. Alikuwa amekwenda Shimoni kuumwa. Ndiyo mboga alizokuwa anazipenda.

Nikaweka simu mezani. Nikakaa chini, sakafuni kabisa, nikalia kilio ambacho sikukilia kwenye msiba.

Kwa hiyo Bibi alimwona. Sisi tuliosoma tuliishika picha sawasawa, tukaona ndege. Na Mama alijua kwamba ameonekana, ndiyo maana aliinuka upesi akaigeuza. Wanawake wawili walizungumza jambo zima mbele yetu kwa macho, na sisi tunacheka. Najiuliza kwa nini Bibi hakusema wazi. Lakini nilikulia kwetu, najua. Mama mkwe hakuwa wa kutaja maumivu ya mwili wa mke wa mwanawe mbele ya wanaume na watoto, hasa mwenyewe akiwa ameyaficha kwa mkono wake. Maneno ya heshima aliyokuwa nayo yalikuwa ya fundichuma. Akayatumia, na kwa maneno hayo hayo tukaona hakuna haja ya kumsikiliza. Au pengine aliyaamini pia, yote mawili kwa pamoja. Bibi alikuwa na nafasi ndani yake ya mambo mengi. Ninachojua ni kwamba alichukua ndoo, akachukua jembe, akabeba alichoweza kubeba.

Na Mama, kwa nini alificha?

Sikumtumia Kaka ile picha kwa simu. Kitu kama kile hutumi kwa simu. Nilingoja mpaka mwezi wa kumi na moja, alipopanda kutoka ziwani kwa ajili ya makaburi. Amezeeka, Kaka yangu. Kichwa cheupe, na ile miwani siku hizi ni ya kusomea. Tulifagia, tukasali, tukarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke alikubali kukaa nami kwenye ukingo wa Shimo. Fundichuma alikuwepo majini. Nikampa simu, nikamweleza jinsi ilivyotokea.

Alivaa miwani yake, akaisogeza simu karibu na uso.

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa kabla ya picha," alisema mwishowe.

"Kabla. Wewe hukumwita, Kaka. Wala huyo ndege hakumwita."

Nilidhani nimemletea zawadi. Miaka yote hiyo nilitamani apatikane mtu wa kumtua ule mzigo, na nikawa na furaha, nakiri, katikati ya uchungu wote, kwamba ni mimi. Alirudisha macho kwenye simu, kisha akatazama matete yaliyokuwa kando yetu, mahali alipokuwa analala kifudifudi.

"Felista," aliniambia. "Nilisubiri pale. Ndege alikuwa hatulii, anageuka geuka. Nikamsubiri. Nilisubiri sana siku ile."

Nilimfuata macho mpaka kwenye matete.

"Na Mama amesimama hivi hivi muda wote huo," alisema.

Kwarara walipita juu na kelele zao. Kaka alijifuta uso kwa kiganja, akainuka kwa kushikilia magoti, akaniambia niende upande ule, nisimame pale Mama alipokuwa amesimama. Sikuuliza kwa nini. Nilizunguka Shimo nikasimama ukingoni, kivuli changu kikashuka majini, na sikutupa bonge la udongo. Ng'ambo, Kaka aliinua simu yangu. Mikono yake haikuwa imesahau. Alikaza viwiko ubavuni kama zamani.

Kisha akaishusha.

"Huo mkono umeuweka hapo wa nini?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeshika kanga kiunoni isifunguke kwa upepo.

"Nashika kanga tu, Kaka."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nitazame. Unaumwa, Felista?"

Katikati yetu fundichuma aliinuka majini, mabawa wazi kabisa, maji yanamdondoka miguuni na jua likimpiga kwa nyuma, picha ambayo zamani Kaka angeilalia kwenye matete asubuhi nzima. Akapita karibu na kichwa chake kuelekea mkuyuni. Kaka hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi.